Waliorudi kutoka Kagera

Leo nawakumbuka waliopigana Vita vya Kagera, wakarudi wazima, kisha wakafia majumbani mwao.

Wengi waliouawa vitani wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka. Lakini mzee wetu wa hapa Chumbageni, aliyekuwa Uganda wakati Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, tulimzika alasiri, watu wakatawanyika kurudi kazini. Majirani tulimjua kwa kahawa yake ya jioni barazani, na kwa alivyonyamaza ghafla redio ikimtaja Idi Amin, aliyekuwa adui yao vitani. Wenzake wengi walikuwa mgambo, raia walioitika Mwalimu Nyerere alipotangaza vita Novemba 1978. Vilipokwisha, walirudi kwenye majembe na kazi zao, nasi tukazoea kuwaona hivyo. Inaniuma.

Wajane wao bado wapo. Ukipita kumsalimia bibi leo, mwombe akutolee ile picha ya magwanda, imefifia pembeni. Muulize bibi huyo, babu alikuwa kikosi gani, na aliporudi alisimulia nini. Andika daftarini, pamoja na majina ya wale waliosimama naye pichani, maadamu bibi anawatambua.