Maneno Yaliyoibwa



Nabii Yeremia, katika sura ya 23, anawakemea manabii waliokuwa wakiibiana maneno, kisha wakisimama mbele ya watu kana kwamba wametumwa na Mungu. Alisema na wahubiri, si na wanafunzi. Kwa hiyo sisi tunaopanda mimbarani na mahubiri yaliyotolewa kwenye simu Jumamosi usiku tujipime kwanza. Ndipo tuseme na wana wetu na binti zetu walioko Chuo Kikuu.

Tangu Novemba 2022, programu iitwayo ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote, mwanafunzi aweza kuagiza insha na kuipata kabla chai haijapoa. Lakini tusiitupie mashine lawama yote. Kabla yake, vijana wengi wenye elimu hapa Kenya walilipwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Wengine walilisha wadogo zao kwa kazi hiyo, nasi hatuna haraka ya kuwahukumu. Ila mnunuzi alipewa cheti cha jasho la mwingine. Na kama ni cheti cha uuguzi, mgonjwa ndiye atakayelipa.

Yakobo alivaa ngozi za mbuzi mikononi apate baraka ya kaka yake (Mwa. 27). Isaka alisikia sauti akaingiwa na shaka, lakini aliziamini mikono alizozipapasa. Walimu leo nao wanapapasa. Wanazo programu za kutambua maandishi ya mashine, nazo hukosea. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na wanadamu, zilidaiwa kuwa za mashine. Mwaka huohuo OpenAI, walioitoa ChatGPT, waliondoa chombo chao wenyewe cha kutambua, kwa kuwa hakikuaminika. Basi mtoto wetu aliyekesha na Kiingereza chake cha darasani aweza kuitwa mwizi bure. Amri ya nane yamhusu mwanafunzi. Ya tisa, ya kumshuhudia jirani uongo, yamhusu mwalimu.

Afadhali kuisikiliza sauti. Mwalimu atazame rasimu za kwanza, amwite mwanafunzi, amwulize: kwa nini umesema hivi? Twajua ni kazi nzito pale darasa lina mamia ya watu.

Nasi wazazi, tuliouza ng'ombe ili karo ipatikane, tumezoea kuuliza tu, "Umepata ngapi?" Watakapokuja likizo tuwaulize, "Mwaka huu umeandika juu ya nini, mwanangu? Hebu tueleze." Kisha tumngoje amalize, hata akihangaika kuyageuza ya vitabuni yawe Kiswahili cha nyumbani.