Mizani ya Manowari

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 na ushei. Fundi akiiunda kwa kipimo cha moja kwa 350, kipimo kilichozoeleka kwa waundaji wa meli za mfano, urefu huo hushuka ukawa sentimita 33 tu, na manowari nzima ikaenea juu ya rafu ya vitabu. Mtutu wa mzinga wake, uliokuwa na mita 4.2, huwa kijiti cha milimita 12. Na baharia mwenye kimo cha mita 1.7 hatimizi hata milimita 5.

Kazi hiyo haifanywi na mwenye pupa. Fundi huketi miezi kadhaa na kibano, gundi na brashi yenye unyoya mmoja au miwili. Huzichungua picha za zamani ili ahakikishe kwamba dohani ni tatu na mizinga ni kumi, na kila mmoja umekaa mahali pake baina ya omo na tezi. Vizuizi vya sitaha hutengenezwa kwa bati la shaba jembamba kuliko ukucha, na kamba za milingoti kwa uzi usioonekana ila kwa jicho kali. Mwishoni hupaka hata kutu, maana meli isiyo na kutu haijawahi kusafiri. Anayeitazama kazi iliyokamilika huvutiwa, na ni haki yake kuvutiwa, kwani ustadi ni ustadi.

Hata hivyo, lipo swali ambalo gundi haiwezi kuliziba. Kitu kilichoundwa kwa ajili ya kuua, kikipunguzwa hata kikaenea mezani, je, na ubaya wake nao hupungua? Na yule anayekiiga bila ya kukosea hata ribiti moja, je, amesema kweli?

Kwa watu wa Visiwani, Königsberg si jina la mbali. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 ilitokeza mbele ya bandari ya Unguja na kuishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Pegasus ikazama, na baadhi ya mabaharia wake wamelazwa katika makaburi ya kisiwa cha Chapwani. Königsberg ikakimbilia katika midomo ya mto Rufiji, katika mikoko ileile iliyotoa boriti za kuezekea nyumba za Mji Mkongwe, ikajifunika majani na matawi isionekane. Mwezi wa Julai 1915 meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikaipiga hadi ikaangamia.

Waundaji wengi wa mifano huikomesha hadithi hapo. Lakini meli ilikufa na mizinga yake ikabaki hai. Wajerumani waliitoa yote kumi majini, wakaipeleka Dar es Salaam, na katika karakana ikaundiwa magurudumu. Tangu hapo ilisafiri kwa reli palipokuwa na reli, na pasipokuwa na reli ilivutwa kwa migongo ya watu.

Ndivyo ilivyokuwa mzinga wa baharini ukanguruma Kondoa. Mji huo umo katika nyanda za juu za kati, kaskazini ya Dodoma, katika nchi ya Warangi, mamia ya kilomita kutoka pwani. Majeshi ya Afrika Kusini yaliyoongozwa na van Deventer yaliingia humo mwezi wa Aprili 1916, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, Lettow-Vorbeck akawashambulia bila ya kufanikiwa. Kwa wiki kadhaa, pande mbili za wageni zilikabiliana katika mvua, njaa na homa, na mzinga wa Königsberg ulikuwa miongoni mwa silaha zilizoupiga mji. Wengi wa waliousikia ukinguruma hawakupata kuiona bahari, sembuse manowari.

Sasa turudi kwenye rafu ya vitabu. Yuko atakayesema kwamba fundi hana kosa: anaunda meli, haundi vita, na mtoto wa Kojani anayechonga kijahazi hasemwi kwamba anatukuza dhoruba. Hoja hii ina uzito, ila jahazi limeumbwa kuvuka dhoruba, na manowari imeumbwa kuleta maangamizi. Yuko mwengine atakayesema kwamba kazi yote hiyo ni ibada ya silaha na afadhali iachwe. Naye amepindukia, kwani kusahau hakujamponya mtu. Asiyeujua mtutu ulikuwa na urefu gani hatajua pia uzito waliouvuta waliouvuta.

Aibu ya mfano, basi, haimo katika kuundwa kwake. Imo katika kipimo. Wapenzi wa ushairi wanalijua neno mizani kwa maana zake mbili: ni chombo cha kupimia uzito, na ni hesabu ya silabi katika mshororo. Mtunzi wa utenzi huishika vita nzima, yenye miaka na majeshi, akaitia katika vipande vya mizani nane nane. Hivyo ndivyo alivyofanya Hemedi bin Abdallah el-Buhriy katika utenzi wake wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini katika utenzi wa Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka 1905, mwaka uleule Königsberg iliposhushwa majini. Wote wawili walipunguza. Lakini mtunzi anapopunguza, huchagua kitakachobaki, na watu hubaki wakiwa watu. Ushairi wenye vina na mizani kamili ukikosa mtu ndani yake huitwa maneno matupu, hata kama haukuvunja kanuni hata moja.

Katika kipimo cha moja kwa 350, binadamu hana uso. Si kwamba fundi amemdharau. Milimita 5 hazitoshi macho. Chuma hupata haki yake yote, na mtu huwa nukta ya rangi. Na mpagazi hata nukta hapati, kwa kuwa hakuwa sitahani. Wapiganapo tembo, nyasi huumia; na mfano wa namna hii huwachonga tembo kwa ustadi mkubwa kisha ukazifagia nyasi. Waliobeba vita vile kwa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi majina yao hayakuandikwa popote. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la Kariakoo huko Dar es Salaam, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, na wanaolitamka kila siku sokoni aghalabu hawakumbuki lilikotoka.

Je, fundi awabandike wapagazi wadogo pembeni mwa meli? Hapana. Mateso yaliyogeuzwa pambo ni dhulma ya pili. Lakini fundi huyohuyo anaweza kubadili kipimo. Akiiacha meli na kuchukua mzinga mmoja tu, ule wa Kondoa, juu ya magurudumu yake, kwa moja kwa 35, mtutu utakuwa na sentimita 12, na mtu aliyeshika kamba atakuwa na karibu sentimita 5. Hapo uso unawezekana. Hapo fundi atalazimika kuamua: mtu huyu anatazama wapi, amevaa nini, amechoka kiasi gani. Maswali hayo hayamo katika ramani za meli, na kuyatafutia majibu ndiko kunakomfanya mwigaji awe shahidi.

Si mbali na mji wa Kondoa, katika majabali ya Kolo, imo michoro ya kale ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Wachoraji wake walikuwa na rangi chache na mwamba usio laini. Walichora tembo, twiga na pofu, na pamoja nao wakachora watu, wembamba, warefu, wenye vichwa vya ajabu. Hawakuhesabu mbavu za mnyama, na hakuna awezaye kuwashitaki kwa kukosea vipimo. Lakini anayeitazama haulizi kama palikuwa na watu. Mizinga ya Königsberg nayo ipo kwa ukubwa wake halisi, mmoja Fort Jesus, Mombasa, mwengine Pretoria, na kila mwenye futi anaweza kwenda kuipima. Kilichokosekana pembeni yake hakipimwi kwa futi, na hicho ndicho kinachomngojea fundi.