Alama ya Mangungo

Msovero iko wilayani Kilosa, na kila Mtanzania aliyekaa darasani amelisikia jina la mtawala wake wa zamani, Mangungo. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifika Usagara kutoka Zanzibar akiwa na karatasi za Kijerumani na zawadi ndogo ndogo. Mangungo akatia alama. Februari 27, 1885, Kaiser akatoa hati ya kuziweka Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami chini ya ulinzi wake. Miezi mitatu tu, na nchi ikawa na mwenyewe mwingine.

Leo jina hilo ni tusi la siasa. Mkataba ukionekana mbovu, huitwa wa Mangungo. Mimi namtetea mzee huyu. Lugha ile hakuijua, maana yake hakuelezwa, na ardhi aliyodaiwa kuitoa ilikuwa ya koo, si yake. Ridhaa ya mtu asiyeelewa si ridhaa, na aibu ya siku ile ni ya aliyeiandika karatasi.

Kura nayo ni alama kwenye karatasi, nayo huwafunga hata watoto ambao hawajazaliwa. Ndiyo maana nawatazama kwa makini wapiga kura wa wilaya hii. Jimbo la Kilosa limekaa na CCM: Mustafa Mkulo, aliyekuwa Waziri wa Fedha, kisha Mbaraka Bawazir mwaka 2015, kisha Palamagamba Kabudi mwaka 2020. Jimbo la Mikumi, ndani ya wilaya hiyo hiyo, lilikwenda njia nyingine. Mwaka 2015 lilimchagua Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye nchi nzima inamjua kama Profesa Jay. Huyu ndiye aliyeimba “Ndio Mzee”, wimbo wa mwanasiasa anayeahidi kila kitu huku umati ukiitikia. Mwaka 2020 jimbo likarudi CCM kwa Dennis Londo, katika uchaguzi ambao wapinzani waliyakataa matokeo yake na CHADEMA ikabaki na jimbo moja tu Tanzania nzima.

Kwa nini majirani hawa walitofautiana? Kwa maoni yangu, kazi ya mtu huupinda mkono wake kuliko hotuba. Mikumi imekaa kwenye barabara kuu ya Iringa. Malori hupita usiku na mchana, na habari hupita nayo. Ruhembe na Kidodi, ndani ya jimbo hilo, kuna wakulima wa miwa ambao bei yao huamuliwa na kiwanda, na walio karibu na hifadhi hulala wakisikiliza tembo. Watu wa namna hiyo wana maswali makali. Kilosa mjini ni mji wa reli na mkonge, wenye mazoea ya muda mrefu na chama tawala. Pande zote mbili zina sababu za watu wazima, na sipendi kusikia mtu wa Kilosa akiitwa mtumwa wala mtu wa Mikumi akiitwa mkorofi.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa kubadilisha. Tangu 1965, ndani ya chama kimoja, walichagua kati ya wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na mwaka huo huo hata waziri kama Paul Bomani aliangushwa. Halafu ikaja Tume ya Nyalali mwaka 1991, kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Methali yasema wengi wape, na takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, kwa ajili ya ile asilimia 20. Sijui busara kubwa zaidi ya hiyo katika siasa zetu: mwenye nguvu kumwachia mchache nafasi kwenye karatasi. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura, na hilo linaniuma, hata kama msomaji wangu hajawahi kukichagua chama hicho.

Liko jingine linaloniuma. Vijana husema “kula CCM, kura Chadema” kana kwamba ni ujanja. Anayepokea khanga na sukari kwa nia ya kudanganya amekwisha kuzoea kuuzwa. Sheria ya mwaka 2000 iliiruhusu takrima wakati wa kampeni. Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, na ilifanya vyema. Zawadi za Peters nazo zilipokelewa kwa ukarimu.

Kwa hiyo mgombea ajaye akisimama Kilosa, wa chama chochote, aulizwe kuhusu Mto Mkondoa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi. Aeleze tuta la kuzuia maji ya mto huo litatunzwa na nani, kwa fedha ipi, kila mwaka, na ajibu kwa Kiswahili ambacho bibi aliyeketi mstari wa nyuma atakielewa.