Jumba la Njoro na Hema la Utange

Je, ni haki kupenda nyumba nzuri iliyojengwa juu ya dhuluma? Wengine husema jiwe halina kosa. Wengine husema bomoa. Mimi naona wote wanalikwepa swali.

Chukua jumba la Lord Egerton kule Njoro, karibu na Nakuru. Maurice Egerton alitoka ukoo wenye jumba la Tatton Park, Uingereza. Lake la Njoro alianza kulijenga 1938, vita vikamchelewesha, likaisha 1954. Vyumba zaidi ya 50, na ukumbi wa dansi juu yake. Mgeni akifika anasimuliwa mapenzi: ati alimjengea mwanamke, mwanamke akamkataa, ndipo Lord akapiga marufuku wanawake kukanyaga kwake. Akafa 1958, hana mke wala mtoto. Leo jumba ni la Chuo Kikuu cha Egerton, na maharusi wanafanyia sherehe papo hapo.

Hadithi tamu. Lakini tazama inachofunika. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, na nyanda za juu zikatengewa Wazungu. Sasa sote tunauliza, "Mbona yule bibi alikataa?" Hatuulizi, "Hapa palikuwa pa nani?"

Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe nawe! Si tushalipiza? Bibi harusi anacheza ndani ya nyumba aliyokatazwa." Ana hoja, na sitaki kumnyang'anya mtu furaha yake. Ila yule bibi harusi anaijua marufuku aliyoivunja. Aliyehamishwa hamjui. Hapo ushindi umebaki nusu.

Nalisema hili nikiwa Utange. Mapema miaka ya 1990 hapa palikuwa na kambi ya wakimbizi, Wasomali waliokimbia vita kwao. Watu waliishi, wakazaa, wakazika. Kisha kambi ikafungwa. Hema likishang'olewa haliachi ukuta wa kupigia picha. Na hata sisi tuliobaki, wengi huku Kisauni wamejenga na hati ya ardhi hawana. Tingatinga likija asubuhi, jioni hakuna ushahidi kwamba mtu alilala hapo.

Kwa hivyo kuhifadhi jumba si jambo baya. Ubaya ni kudhani kwamba kilichosimama ndicho kilichostahili kukumbukwa. Jumba lilisimama kwa sababu mwenyewe alikuwa na mawe, pesa, na serikali upande wake. Huko Uingereza kwenyewe, mwaka 2020 shirika la National Trust lilitoa ripoti likitaja majumba na maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni na utumwa. Baadhi ya watu walikasirika sana, utadhani wametukanwa mama.

Lipende jumba la Njoro, piga picha, cheza mpaka viatu vivuke. Lakini anayekutembeza mle ndani akimaliza habari za mapenzi, muulize na za shamba. Kama hana jibu, basi bado hajakuonyesha jumba lote.