Ukiombwa Maoni, Umewekewa Amana



Kuna swali dogo linalotukuta kila wiki hapa chuoni, na kwa udogo wake huwa hatulihesabu kuwa ni swali la dini. Mwenzako anakuonesha kazi yake. Inaweza kuwa rasimu ya utafiti, khutba anayotarajia kuitoa Ijumaa, au kisomo chake cha Qur'ani. Wewe unaona kasoro. Naye anakuuliza, "Unaionaje?" Je, wakati huo unadaiwa nini? Inatosha kusema "Mashaallah, safi sana" na kuendelea na safari yako?

Ninaona haitoshi. Mtu anapokuomba maoni juu ya kazi yake amekuwekea amana, na kumjibu kwa sifa tupu ni kuila amana hiyo. Nitalieleza jambo hili kwa mfano ulio mbali na darasa letu: vijana wanaojifunza uhuishaji wa wahusika, yaani kutengeneza katuni zinazotembea na kutenda, kule Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia.

Wengi wetu hatujafika huko. Nchelenge ni mji wa wavuvi katika Jimbo la Luapula. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na kwa sababu ya biashara ya samaki, katika soko la Kashikishi utasikia Kibemba na Kiswahili cha Kongo kwenye meza moja. Mjomba wangu yumo katika biashara hiyo, nami hukaa kwake likizo ndefu. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na miezi hiyo vijana wengi wa mwaloni hukosa la kufanya. Binamu yangu na wenzake wanne waliamua kuitumia kujifunza uhuishaji. Wana kompyuta mbili na programu ya Blender, ambayo tangu mwaka 2002 ni huria na haina malipo. Mwalimu hawana. Kila mmoja hufanya zoezi lake kwa zamu, na jioni hukaa pamoja wakatazama kazi za wote.

Najua msomaji wa jarida hili atauliza kwanza: je, kuchora viumbe si katika yaliyokatazwa? Swali hilo ni la haki. Zimepokewa hadithi sahihi zenye onyo kali kwa watengenezaji wa picha, kwamba Siku ya Kiyama watatakiwa wavitie uhai walivyoviumba. Imepokewa pia katika Bukhari na Muslim kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere mbele ya Mtume (s.a.w.) na hakumkataza. Wanazuoni wametofautiana katika kuzikusanya dalili hizi. Wako wanaokataza kila sura ya chenye roho, na wako wa zama hizi wanaoruhusu katuni za kuelimisha watoto kwa masharti ya maudhui yake. Mimi ni mwanafunzi, si mufti, na sitoi hukumu hapa. Nitasema tu kwamba watoto wa Kashikishi wanatazama katuni tayari, na watengenezaji wake sasa si wageni peke yao. Ubongo Kids ilianza kurushwa Tanzania mwaka 2014. Mzambia Malenga Mulendema alikuwa miongoni mwa washindi wa shindano la studio ya Triggerfish ya Cape Town mwaka 2015, na katuni yake kuhusu wasichana wanne wa Lusaka ikaanza kuoneshwa Netflix mwaka 2023.

Katika wale vijana watano, mmoja amechukua rai ya kukataza. Hakuwakimbia wenzake, wala wao hawakumcheka. Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha, alimuelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho, kama ilivyopokewa katika Bukhari. Basi kijana huyu anahuisha mitumbwi, mawimbi na makasia, na jioni anakaa na wenzake kama kawaida.

Sasa tazama namna fani hii inavyosomwa. Sekunde moja ya filamu huwa na picha 24. Mwanafunzi huanza na mpira unaodunda. Mpira ukiwa juu, picha hukaribiana kwa sababu mwendo ni wa polepole. Ukianguka, picha huachana kwa sababu mwendo unaongezeka. Akiuweza mpira, hupewa mfuko wa unga uliojaa nusu, ajifunze uzito na hata furaha au huzuni bila ya uso. Baada ya hapo huja mtu anayetembea, kisha mtu anayenyanyua kitu kizito. Mwaka 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa miaka mingi wa Disney, walitoa kitabu kinachoeleza kanuni 12 za fani hii. Unaweza kuzikariri zote kwa siku moja, na bado mhusika wako akatembea kama kitu kilichoning'inizwa kwa uzi. Kanuni ni elimu, lakini mkono haujui mpaka ufanye na kurudia.

Hata kurudia peke yake hakutoshi. Binamu yangu alikesha siku sita akimhuisha mama wa sokoni anayenyanyua beseni la samaki na kujitwisha. Wenzake walipotazama, wote walisema ni nzuri. Dada wa mmoja wao, ambaye hubeba mabeseni hayo kweli pale Kashikishi, alitazama mara mbili akasema, "Beseni hilo ni tupu."

Binamu yangu akamwambia, "Dada, huwaoni samaki? Wamejaa."

"Samaki nawaona. Uzito siuoni."

Kisha akasimama akawaonesha. Miguu hupanuka kwanza. Mgongo huteremka pamoja na magoti. Beseni huvutwa karibu na mwili, na hapo mtu husita kidogo, akavuta pumzi, ndipo likapanda. Likishakaa kichwani, shingo haichezi tena. Kinachocheza ni nyonga. Mhusika wa binamu yangu alikuwa amelichukua beseni kwa mikono iliyonyooka kama anayeokota khanga. Kazi ya siku sita ilirudiwa kwa siku nne, na safari hii samaki walikuwa na uzito.

Kwa nini yeye mwenyewe hakuliona hilo? Si kwa uvivu, wala hakukosa akili. Aliitazama kazi yake mara mamia, na kila alipoitazama aliona alichokusudia. Nia yake ilimjazia kilichopungua. Wewe uliyeandika ukurasa wa utafiti saa nane usiku unalijua hili: unasoma neno ambalo hukuliandika, kwa sababu lilikuwa kichwani. Mwenzako hana nia yako kichwani mwake. Anaona kilichopo tu. Si lazima akuzidi elimu ndipo akufae. Inatosha kwamba yeye si wewe.

Maulamaa wetu wamelijua hili zamani. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ametaja katika Ihya njia nne za mtu kuzijua aibu za nafsi yake: kukaa mbele ya sheikh anayeziona, kuwa na rafiki mkweli mwenye busara na dini, kujifunza kutokana na ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu. Katika njia hizo nne hakuna ya mtu kujifungia na kujitazama peke yake. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba muumini kwa mwenzake ni kioo. Kioo hakikutungii uso, na hakikufichii doa.

Basi tukirudi kwenye swali letu la mwanzo, dalili ziko karibu. Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja haki sita za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na miongoni mwake ni kumnasihi anapokutaka nasaha. Imetajwa kuwa ni haki yake, wala si fadhila unayompa ukipenda. Na wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi kwamba mwenye kutakwa ushauri ni mtu aliyeaminiwa. Wale waliosema "nzuri" hawakuwa wakikusudia ubaya. Walitaka kumpa moyo. Lakini mtu mmoja alipomsifu mwenzake kupita kiasi mbele ya Mtume (s.a.w.), aliambiwa kwamba amemkata mwenziwe shingo. Sifa tupu huonekana kama zawadi, na anayeipokea huondoka akiwa masikini kuliko alivyokuja, kwa sababu sasa ana kasoro ileile na haitafuti tena.

Hapa iko hoja ya kuipinga rai hii, nayo ni nzito. Je, hatukuamrishwa kusitiri aibu za Waislamu? Kumtajia mtu kasoro mbele ya wenzake si kumvunjia sitara? Jibu langu ni kwamba tutofautishe aibu ya mtu na kasoro ya kazi. Dhambi aliyoificha ndugu yako hukuitwa kuitazama, na kuifukua ni haramu. Kazi aliyoiweka mbele yako ameifunua yeye mwenyewe, akakuomba jicho lako. Kunyamaza hapo hakumsitiri, kwa sababu kesho wataiona wengine ambao hawatamwambia kwa upole.

Hata hivyo, tofauti hii huvunjika kwa urahisi. Katika kundi lile lile, mmoja aliambiwa siku moja mbele ya wote kwamba yeye hana kipaji. Wiki tatu hakurudi. Aliyesema hivyo alidhani ameinusuru haki, lakini hakugusa kazi hata kidogo. Hakutaja ni picha ya ngapi, mguu gani, wala kifanyike nini. Alimhukumu mtu, na mtu hakuwa ameombewa hukumu. Siku hizi wamewekeana desturi. Anayeonesha kazi husema kwanza alichokusudia. Anayetoa maoni husema alichokiona na mahali alipokiona. Mwenye kazi haruhusiwi kujitetea mpaka wengine wamalize. Na jambo linalomgusa mtu mwenyewe huambiwa pembeni, baada ya wengine kuondoka.

Mfano bora wa adabu hii tunao katika hadithi ya mtu aliyeswali vibaya, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Aliingia msikitini, akaswali, akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.). Mtume akamjibu salamu, akamwambia arudi akaswali kwani hakuswali. Jambo hilo likakariri mara tatu. Hakuambiwa kuwa ni mjinga, na hakuambiwa kuwa swala yake ni nzuri. Alipoapa kwamba hajui zaidi ya hapo na kuomba afundishwe, ndipo alipofundishwa hatua kwa hatua: takbira, kisomo, rukuu mpaka atulie, kuinuka mpaka anyooke, sijda mpaka atulie. Salamu ilijibiwa, kosa halikufichwa, mtu alipewa nafasi ya kurudia, na maelezo yalikuja juu ya kitendo, kiungo kwa kiungo.

Ninalileta hili chuoni kwa sababu ugonjwa wetu ni wa upande wa pili. Sisi hatutukanani sana, tunasifiana mno. Ndugu anatoa khutba ambayo safu za nyuma hazikuielewa, nasi tunampa mkono na kumwambia Allah amzidishie. Dada anatuma rasimu yake kwenye kundi la WhatsApp, vinarudi vidole gumba kumi na tano, na hakuna hata mmoja aliyeifungua. Tunaliita jambo hili udugu. Msimamizi atakapoirudisha rasimu hiyo ikiwa nyekundu yote, udugu wetu utakuwa umemsaidia nini?

Nakiri kwamba haki hii ina gharama. Kumwambia rafiki kwamba beseni ni tupu kunaweza kukuharibia jioni nzima, na huenda akanuna. Kusoma kurasa thelathini za mwenzako kwa makini kunakula muda wa zako. Ndiyo maana sifa ni rahisi: haina gharama kwa anayeitoa. Lakini amana haikuwahi kuwa nyepesi, na anayeona hana muda wa kuibeba anayo njia ya heshima. Aseme, "Samahani ndugu yangu, wiki hii sitaweza kuisoma," ili mwenzake atafute jicho lingine mapema.

Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie wenye kuusiana haki na kuusiana subira, kama alivyowasifu waja wake katika Suratul-Asr, kwani anayeambiwa haki anahitaji subira, na anayeisema pia anaihitaji.

Wabillahi tawfiq.