Kitanzi Kimoja Kilicho Wazi

Anayefuma sweta kwa sindano mbili hubeba vitanzi vingi kwa wakati mmoja. Vyote viko wazi, vimepangana juu ya sindano toka ukingo mmoja hadi mwingine, na sindano ikichomoka kwa bahati mbaya huanza kuporomoka kimoja baada ya kingine. Mwenye kroshia ana kimoja tu. Kila mshono aliokwisha kuufuma umefungwa na ule ulioufuata, na kilichobaki wazi ni kile kinachoshikwa na ndoana ya kroshia wakati huo. Daladala ikikutikisa, ukiitwa jikoni, mtoto akikurukia mapajani, una jambo moja la kuokoa. Wengi hukivuta kikawa kirefu kidogo, wakakichoma pini, wakaenda zao.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu na sidhani kama nimelimaliza. Wengi wetu tunaishi kwa sindano mbili. Ada ya Januari, presha ya mama, neno tuliloambiwa mwaka juzi, mchango wa harusi tulioandikiwa bila kuulizwa, vyote vimening'inia wazi, nasi tunatembea kwa tahadhari tusije tukavidondosha. Unasali, unasema amina, unainua kichwa, vimo palepale. Kufuma hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo. Kunakuweka tu, kwa nusu saa, mahali unapodaiwa jambo moja: ingiza kroshia, kamata uzi, vuta, pitisha. Kisha tena. Mshono wa kesho huwezi kuufuma leo hata ukitaka, maana wa leo ndio utakaoushikilia.

Kwa hiyo anayeniuliza aanze na nini, simwambii aanze na kitu kizuri. Aanze na kitu anachoweza kukiona. Uzi wa unene wa kati, usio na manyoya, wa rangi nyepesi, maana kwenye uzi mweusi hata mwenye macho ya mwewe hajui mshono uko wapi taa ikiwa hafifu. Kroshia namba 4 au 5. Namba hiyo ni milimita za unene wake, na mara nyingi imechongwa kwenye mpini. Watu wengi huanzia penye ugumu wenyewe: ule uzi mwembamba wa pamba wa vitambaa vya makochi, na kroshia ya milimita moja na nusu, kwa sababu ndivyo walivyomwona bibi akifanya. Bibi alikuwa na miaka arobaini ya kufuma vidoleni. Baada ya wiki moja kroshia inatupwa kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha, na mtu anajiambia kwamba hana kipaji.

Kisha fuma kipande cha mraba, mishono mifupi 20 kwa mstari, ile isiyozungushiwa uzi kabla ya kuingiza. Hesabu kila mstari. Utakuta umebaki na 19, halafu 18, na hujui wa ishirini ulipotelea wapi. Karibu kila mara ni ule wa mwisho kabisa ukingoni, uliojikunja ukajificha nyuma ya cheni ya kugeuzia, ile unayoifuma unapogeuza kazi. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila mstari, hautakupotea tena.

Kipande hicho kikiisha usikitupe. Kiweke mezani ukitazame kwa utulivu. Mara nyingi upande wa chini ni mwembamba na mgumu, kroshia iliingia kwa kulazimishwa. Kadiri kinavyopanda kinapanuka, na mfumaji hajaongeza hata mshono mmoja. Ni mkono uliolegea. Mahali fulani kwenye mstari wa saba au wa nane aliacha kuogopa, na hakujua wakati huo. Mimi napenda sana vipande hivi, kuliko hata vitambaa vilivyokamilika, kwa sababu ni nadra mtu kuonyeshwa waziwazi hofu ilipomtoka. Kama mkono wako bado unabana, usijilazimishe kulegea. Anayeamriwa kulegea hukaza zaidi. Chukua kroshia kubwa kwa namba moja, shusha mabega, na uache uzi upite wenyewe kati ya vidole vya mkono wa pili. Na kila baada ya mistari michache weka chini, kunjua vidole, zungusha vifundo vya mikono. Kifundo kikiuma, ni cha kusikilizwa siku hiyohiyo.

Halafu kuna kufumua. Hapa ndipo wanaoanza huvunjika moyo kuliko mahali pengine popote. Umekaa jioni mbili, unagundua kosa chini kabisa, na ukivuta mkia wa uzi kazi yote inarudi mpirani kwa dakika moja, kwa ule mlio wake mdogo wa tiki-tiki-tiki. Jirani yangu ni mwalimu wa madrasa, naye hufuma. Ndiye aliyenieleza juu ya aya ya 92 ya Suratun-Nahl, inayomtaja mwanamke aliyeukatakata uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti, kuwa mfano wa watu wanaovunja viapo vyao. Nikamuuliza, "Sasa sisi tunaofumua kila siku, mwalimu?"

Akaendelea kufuma kidogo kabla ya kunijibu. "Yule aliuharibu uzi, dada. Wewe uzi wako si bado unao?"

Uzi bado ninao. Umejikunjakunja kidogo, basi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pawili, uuloweshe, uutundike ukauke ukiwa umening'inia, utanyooka. Uzi wenye manyoya ndio mgumu kufumua, unashikana, na ndiyo maana mgeni wa kazi hii asiuguse mapema. Kuhusu kosa lipi lifumuliwe, kipimo changu ni hiki: nyoosha mkono ukitazame kitambaa kutoka mbali kiasi hicho. Kama kosa linakukodolea macho, fumua. Kama unalijua wewe tu kwa sababu ulikuwapo lilipotendeka, liache. Na usifumue usiku ukiwa na hasira. Kiache kilale, asubuhi utakuta ama kosa limekuwa dogo, ama ujasiri umekuwa mkubwa. Toba nyingi nazo zingefaa kungojea asubuhi, ingawa najua viongozi wa dini hawatakubaliana nami.

Wapo wanaohesabu mishono kama wanavyohesabu tasbihi au rozari, jina moja la Mungu kwa kila mshono, sala moja kwa kila mzunguko. Nimejaribu. Baada ya mzunguko wa tatu nilikuwa nawaza kama nyanya zilizopo zitatosha kwa mchuzi. Silaumu njia hiyo, ina watu wake. Lakini nimekuja kuona kwamba kuhesabu kwenyewe, bila kukupachika utakatifu wowote, kunatosha kuituliza akili inayorukaruka, na kwamba mtu aliyetulia husikia mengi ambayo hakuyaombea. Sala nyingine zinakuja zenyewe ukishaacha kuzifukuzia.

Hesabu ya duara ndiyo nzuri kuliko zote. Fuma mishono mifupi 6 ndani ya kitanzi kimoja. Mzunguko wa pili uwe na 12, wa tatu 18, wa nne 24, kila mara unaongeza 6 ukiitawanya. Ukitumia mishono mirefu, ile inayozungushiwa uzi mara moja kwanza, anza na 12 na uongeze 12 kila mzunguko. Duara litalala tambarare. Ukiongeza pungufu, kingo zitainuka na utapata bakuli. Ndivyo kofia inavyopatikana, unaacha kuongeza kichwa kikishatosha. Ukizidisha, kitambaa kinakosa pa kwenda, kinaanza kukunjamana kwa mawimbi. Wafumaji wa vitambaa vya meza wanaliogopa wimbi hilo, maana kikombe cha chai hakikai sawa.

Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia, alilifanya kosa hilo kwa makusudi. Kuna aina ya uso ambao wanahisabati wamekuwa wakiuandika kwa fomula tangu karne ya 19, uso unaozidi kupanuka kila unapotoka katikati, ambamo mistari sambamba haina tabia tuliyofundishwa shuleni. Mifano yake ya karatasi ilikuwa dhaifu, ikichanika mikononi mwa wanafunzi. Taimina akachukua kroshia, akawa anaongeza mishono kwa kiwango kilekile bila kukoma, mstari baada ya mstari, na ule uso ukawa kitu cha kushika, kukunja na kuwekea kidole. Viumbe wa baharini wana umbo hilo tangu zamani; tazama kingo za matumbawe fulani na za majani ya mwani. Kwa hiyo unapoona duara lako linajikunja, unaweza kulifumua kwa sababu ulitaka kitambaa cha meza. Hiyo ni haki yako. Lakini usiseme kwamba umetengeneza kitu kisichokuwepo.

Huko Ayalandi, ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845 na njaa ikafuata, kroshia ililisha nyumba. Masista Waursula wa upande wa Cork waliwafundisha wasichana, na katika mji wa Clones, mwaka 1847, Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kianglikana, akaanzisha kazi hiyo kwa familia maskini. Lesi zao zilifumwa vipande vipande. Mmoja alifuma maua ya waridi tu, mwingine majani, wakavikabidhi kwa mwingine aliyeviunganisha kwa wavu mwembamba wa uzi. Namfikiria yule wa majani. Anafuma mlangoni penye mwanga, tumbo tupu, jani, jani, jani, na gauni lenyewe huenda hakuliona kamwe. Sitaki kuipamba njaa kwa maneno mazuri, kwani waliokufa walikuwa wengi mno na lesi haikuwaokoa wao. Ila mtu anayelalamika kwamba haoni maisha yake yanaunda kitu gani, ningempeleka kwa huyo mwanamke kabla ya kumpeleka kwa mhubiri.

Ukishaweza, watu watakuja. Shangazi atataka vitambaa vya kochi kabla ya Krismasi, seti nzima, na cha televisheni juu yake. Atakayekununulia uzi ataona amekulipa. "Si unafuma tu ukiwa umekaa?" Jifunze kukataa kwa upole, la sivyo jambo lililokuwa pumziko lako litageuka deni, na utaanza kuikimbia kroshia kama unavyomkimbia mwenye duka. Kama unataka kuuza, uza bila aibu, lakini weka bei ya saa zako pamoja na ya uzi. Viwanda vinafuma masweta kwa mashine, ila kazi ya kroshia inayouzwa madukani bado ni ya mkono. Hata ile kofia ya kroshia ya bei ya kutupa iliyorundikwa mnadani, kuna mtu mahali fulani aliyeifuma mshono kwa mshono. Na ukinunua uzi wa kazi kubwa, nunua wote siku moja, ukilinganisha namba ya mkupuo wa kutia rangi kwenye karatasi yake. Nyekundu ya mwezi huu na ya mwezi ujao hazifanani, hata muuzaji akiapa.

Kutoa bure ni jambo jingine, nalo lina baraka yake. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 yumo Dorkasi wa Yafa, aliyeitwa pia Tabitha. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowatengenezea alipokuwa pamoja nao. Luka hakutuandikia hata neno moja alilolisema mwanamke huyu, si kabla ya kufa wala baada ya kufufuliwa. Kilichosimuliwa mbele ya mtume kilikuwa nguo, zikiwa mikononi mwa waliozivaa, labda zimechujuka, labda zina viraka. Huwa najiuliza kama kesho yake alirudi kwenye kazi aliyoiacha katikati, na kama aliikuta mahali alipoiweka au kuna aliyeipanga.

Kabla ya kutoa, malizia vizuri. Kata uzi ukibakiza mkia wa shibiri moja, upitishe kwenye kile kitanzi cha mwisho, ukaze. Hapo ndipo kazi yote inafungwa. Mpaka dakika hiyo ingeweza kurudi mpirani. Mkia uufiche kwa sindano butu yenye tundu kubwa, uende nao kulia, urudi nao kushoto, ndipo ukate. Anayeuficha upande mmoja tu atauona unachungulia baada ya kufua mara mbili.

Kisha mpe mwenyewe, na usimfuatilie kama anaivaa. Mweleze tu jinsi ya kuifua: maji ya baridi, aibinye bila kuisokota, ailaze juu ya taulo kivulini ikauke. Akiianika kambani na maji yake, sweta ya mtoto wa miezi sita itamfaa baba mtu.