Deni la Mlevi Aliyeacha Pombe

Mwaka 1939 chama cha Alcoholics Anonymous cha Marekani kilitangaza kitabuni hatua 12 za kuacha ulevi. Mungu hutajwa katika hatua kadhaa. Lakini ya 8 na ya 9, zihusuzo kuwaorodhesha waliodhuriwa na kuwafidia, hazimtaji. Je, asiye na dini aweza kuzifuata? Aweza. Deni halifutwi na ukosefu wa imani wa mdaiwa. Mke aliyenyimwa posho angali na haki yake. Lakini fidia si bei ya msamaha. Hatua ya 9 yenyewe yakataza fidia iletayo madhara, kwani ungamo limuumizalo mdhulumiwa ili kumpumzisha mdhalimu ni dhuluma ya pili. Kulipa ni wajibu wa mdaiwa. Kusamehe ni hiari ya mdai.